Taa ya Kifuani ya Iron Man Haiwaki? Soma Hii Kabla ya Kudai Pesa Zako

Ijumaa moja jioni mteja wetu mmoja wa Nairobi alitupigia simu akiwa amekasirika. Kesho yake kijana wake alikuwa anatimiza miaka minane, na zawadi aliyoomba ilikuwa moja tu: ile taa ya duara inayong'aa kifuani mwa Iron Man. Baba mtu alikuwa ameipata mtandaoni kwa shilingi 3,200. Akaongeza 300 za rider, jumla 3,500.

Ilipofika aliichomeka kwenye pawabenki. Ikawaka vizuri, mwanga mweupe wenye rangi ya samawati, kama ule wa sinema. Kabla hajamaliza kumwita mama watoto aje aone, ikazima. Akaibonyeza tena. Ikawaka, halafu baada ya muda mfupi ikazima tena.

"Nirudishieni pesa zangu," alituambia. "Huyu muuzaji ni mwizi."

Tulimwelewa. Shilingi 3,500 si mchezo, na kumweleza mtoto asubuhi ya birthday kwamba zawadi imekufa ni kazi ngumu kuliko kupoteza pesa. Lakini kuna mambo mawili ambayo hakuyajua, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya. La kwanza: namna alivyolipa ilikuwa tayari imeamua kama pesa zake zingeweza kurudi au la. La pili: taa yake huenda haikuwa mbovu hata kidogo.

Tutarudi kwake. Kwanza tuanze pale ambapo kila mnunuzi anapaswa kuanzia.

Jua unachonunua

Filamu ya Iron Man ilitoka mwaka wa 2008. Tony Stark anajeruhiwa na vipande vya bomu, na ile taa ya kifuani, ambayo mashabiki huiita riakta, ndiyo inayoipa nguvu sumaku ya kuzuia vipande hivyo visifike moyoni. Huo ni uchawi wa sinema. Sokoni, riakta ni ganda la plastiki, taa chache ndogo za LED, swichi, waya na mahali pa kupata umeme. Inafanya kazi kama tochi yoyote, na huharibika kama tochi yoyote.

Siku hizi vitu hivi vinatafutwa sana. Kuna wazazi wanaofanya sherehe za watoto, na kuna vijana wanaovaa kama wahusika wa filamu kwenye mikusanyiko ya mashabiki kama NAICCON hapa Nairobi. Pale penye wanunuzi wengi wenye haraka, matapeli nao hawakosi.

Ugomvi mwingi kati ya mnunuzi na muuzaji huanzia kwenye picha. Muuzaji anaweka picha iliyotolewa kwenye filamu yenyewe, wewe unadhani ndicho kitu utakacholetewa. Kumbuka pia kwamba riakta ziko za maumbo tofauti. Ile ya filamu ya kwanza ni ya mviringo, na kwenye Iron Man 2 ya 2010 ikaja yenye pembetatu. Mtoto anayezijua filamu hizi atagundua tofauti mara moja, hata kama wewe hutaona kitu.

Na jambo lingine: si kila riakta huvaliwa. Nyingine zimetengenezwa zikae juu ya meza kama pambo, nzito, na waya wake umeelekea kwenye soketi ya ukutani. Muuzaji hajakudanganya. Hukuuliza tu.

Maswali sita ya kuuliza kabla hujatuma hata shilingi

1. Inavaliwa vipi? Ina mkanda, sumaku, pini, au inawekwa chini ya fulana?
2. Upana wake ni sentimita ngapi? Usikubali jibu la "saizi ya kawaida". Kuna zinazotosha kwenye kiganja na kuna ndogo kama kifuniko cha soda.
3. Inatumia umeme gani? Betri ndogo za duara, betri za AAA, waya wa USB, au ina betri yake ya kuchaji ndani?
4. Betri zinakuja pamoja nayo? Mashirika ya ndege yana masharti makali kuhusu betri za lithiamu, kwa hivyo bidhaa nyingi kutoka nje husafirishwa bila betri.
5. Unaweza kunitumia video fupi ikiwa imewaka, ukiwa umeweka kando yake karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo?
6. Ikifika ikiwa haifanyi kazi, utanibadilishia au utanirudishia pesa? Ndani ya siku ngapi?

Swali la tano ndilo linalotenganisha wauzaji. Mwenye mzigo mkononi atakurekodia kwa dakika mbili. Asiye nao utamsikia hivi:

"Boss, niko kwa barabara sahii. Lakini iko sawa kabisa, ni original. Zimebaki mbili tu, tuma nikushikie."

Mjibu kwa upole: "Sawa, nitangoja ufike. Ukishanitumia video nitalipa." Akianza kukuharakisha au kukutupia maneno, umeshapata jibu lako, na pesa zako bado ziko kwa simu yako.

Uliza maswali haya kwa maandishi. Simu ya sauti haiachi ushahidi, ila ujumbe ulioandikwa unaweza kuusoma tena wiki ijayo mambo yakiharibika.

Namna unavyolipa ndiyo inaamua

Wateja wengi hufikiri kulipa kwa simu ni njia moja. Ziko njia tofauti, na kila moja inakupa ulinzi tofauti.

*Kutuma pesa kwa nambari ya mtu.* Hii ni sawa na kumpa mtu noti mkononi. Pesa zikifika ni zake, na anaweza kuzitoa kwa wakala ndani ya dakika chache. Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyetuma kwa nambari aliyokusudia halafu asiridhike na bidhaa. Hatuwezi kuingia kwenye akaunti ya mtu na kutoa pesa kwa sababu mnunuzi na muuzaji wamekosana. Tungefanya hivyo kwako, ungefurahi leo. Tungefanya hivyo dhidi yako kesho, kwa neno la mtu mwingine tu, usingetuamini tena.

*Kulipa kwa Till au Paybill.* Hapa unalipa biashara. Kabla ya malipo kukamilika, jina la biashara linatokea kwenye skrini. Lisome. Kama ukurasa unaitwa duka la vifaa vya sinema na jina linalotokea ni la kuuza kuku, simama uulize. Ujumbe wa uthibitisho utabaki na jina hilo, na mfanyabiashara ana njia ya kukurudishia pesa mkikubaliana. Till peke yake haimfanyi mtu awe mwaminifu, lakini angalau unajua umelipa biashara gani.

*Kulipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yako ya simu.* Hii hutumika zaidi ukinunua kwenye tovuti za nje. Mizigo ya kadi ina utaratibu wa kupinga malipo: bidhaa isipofika, au ikifika tofauti na ilivyoelezwa, unaweza kuwasilisha malalamiko ukiwa na ushahidi. Utaratibu huo una muda wake, kwa hivyo usikubali kuambiwa "ngoja kidogo" kwa miezi mitatu. Weka kwenye kadi kiasi cha ununuzi huo tu.

*Kulipa ukishapokea.* Kwa kitu kinachowaka, hii ndiyo njia tunayoipendekeza zaidi ukinunua kwa muuzaji wa hapa nchini. Unalipa baada ya kuona mwanga kwa macho yako. Muuzaji akiogopa kwamba utamkatalia rider, kubalianeni ulipie usafiri mbele na bidhaa baadaye. Kupoteza shilingi 300 kunauma kidogo, kupoteza 3,500 kunauma zaidi.

Ukinunua kutoka nje, kumbuka bei ya kwenye tovuti si bei ya mwisho. Kuna usafirishaji, kunaweza kuwa na ushuru wa forodha na ada nyingine za kuingiza mzigo, na kuna VAT ya asilimia 16. Uliza mapema kama zimejumuishwa. Na ukipokea ujumbe kwamba mzigo wako "umekwama kwa customs, tuma 1,500 kwa nambari hii" na nambari yenyewe ni ya mtu binafsi, usitume. Ushuru wa serikali haulipwi kwenye simu ya mtu. Piga simu kwa kampuni ya usafirishaji kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, uulize.

Mzigo umefika: usimwachilie rider bado

Rider atakuambia ana haraka, na ni kweli, ana wateja wengine. Mwambie kwa heshima, "Nipe dakika tano, kaka, niijaribu." Kisha fanya hivi:

Washa kamera ya simu kabla ya kufungua pakiti. Rekodi bila kukata, kuanzia karatasi ya anwani hadi kitu kinapotoka. Onyesha pande zote mbili. Iwashe. Iache ikiwaka kwa dakika mbili nzima, kwa sababu hitilafu nyingi hujitokeza baada ya nusu dakika. Itikise taratibu, kwa maana mvaaji hatasimama kama sanamu. Iguse nyuma usikie kama inapata joto.

Kama mlikubaliana kulipa ukipokea, sasa ndipo unalipa.

Haiwaki, au inawaka na kuzima: tafuta sababu

Ikiwa ulishalipa na kitu hakifanyi kazi, usikimbilie kutukana. Usikimbilie bisibisi pia. Ukifungua ganda, muuzaji atapata sababu ya kusema ni wewe uliyeiharibu. Anza na majaribio haya, ambayo hayavunji kitu.

*Tafuta kipande cha plastiki.* Bidhaa nyingi zinazokuja na betri ndani huwekewa ulimi mwembamba wa plastiki kati ya betri na chuma, ili betri isiishe njiani. Uvute utoke. Tatizo hili ni dogo kiasi cha kuaibisha, na hutokea kila mara.

*Angalia betri na upande wake.* Alama ya kujumlisha kwenye betri ilingane na alama ya kwenye kifaa. Kama ni betri ya duara, soma nambari yake. CR2032 na CR2025 zina upana sawa, milimita 20, na zote ni za volti 3. Lakini ya kwanza ina unene wa milimita 3.2 na ya pili 2.5. Ukiweka nyembamba mahali pa nene, haigusi chuma vizuri, na taa inawaka ukiibonyeza na kuzima ukiiachilia.

*Mwanga ni hafifu?* LED nyeupe na za samawati huhitaji takriban volti 3 ili ziwake vizuri. Betri ikichoka kidogo tu, mwanga unafifia. Vilevile, betri tatu za kawaida za AAA hutoa volti 4.5, lakini tatu za aina ya kuchaji hutoa kama 3.6, kwa sababu kila moja ina volti 1.2. Jaribu betri mpya za kawaida, zote tatu za aina moja, kabla ya kusema taa ni mbovu.

*Inachajiwa kwa USB na haipokei chaji?* Badilisha kebo. Vifaa vingi vya bei nafuu vyenye tundu la USB-C havichaji kwa kebo yenye vichwa vya C pande zote mbili, kwa sababu mtengenezaji aliacha vijisehemu vidogo vinavyoiambia chaja kwamba kuna kifaa kinachotaka umeme. Tumia kebo ambayo upande mmoja ina kile kichwa kipana cha zamani cha USB. Mara nyingi itakubali.

*Inawaka, kisha inazima yenyewe ukitumia pawabenki?* Hili ndilo linalowachanganya watu wengi. Pawabenki imetengenezwa kuchaji simu. Simu ikijaa, huvuta umeme kidogo sana, na pawabenki nyingi zikiona umeme unaovutwa ni kidogo hujizima ili kuhifadhi chaji. Sasa LED moja ndogo huvuta kama miliampea 20 au chini ya hapo, na riakta ndogo ina chache tu. Pawabenki inadhani kazi imekwisha, inajizima.

Kupima ni rahisi. Ichomeke kwenye chaja ya ukutani ya simu au kwenye laptop. Ikikaa dakika kumi bila kuzima, taa ni nzima na shida ni pawabenki. Baadhi ya pawabenki zina hali maalum ya vifaa vidogo kama saa na earphone. Angalia kijitabu chake namna ya kuiwasha. La sivyo, maduka ya vifaa vya umeme, kama yale ya Luthuli Avenue, huuza kisanduku cha betri tatu za AAA chenye swichi. Fundi anaweza kukuunganishia kichwa cha USB. Betri tatu ni volti 4.5, karibu sawa na zile 5 za USB. Usiweke nne, kwa sababu hizo ni volti 6 na zinaweza kuunguza taa.

*Inawaka ukiishika hivi, inazima ukiigeuza vile?* Hapo waya umelegea au umekatika, mara nyingi karibu na swichi au pale unapoingia kwenye ganda. Hiyo ni kasoro ya kweli. Rekodi video, kisha amua: unataka kurudisha, au unataka kutengeneza? Ukitaka kurudisha, usiiguse. Ukitaka kutengeneza, fundi wa simu mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuunga waya huo. Uliza bei kwanza.

Kuhusu betri, tafadhali tusikilize

Kitu hiki kinakaa kifuani mwa mtu, mara nyingi mtoto. Mambo manne hayana mjadala.

Betri za duara ni hatari kubwa kwa watoto wadogo. Mtoto akimeza moja inaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili. Ukishuku tu kwamba amemeza, nenda hospitalini mara moja. Usingoje dalili, na usimlazimishe kutapika. Kabla ya kumvalisha, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Kama kifuniko kinafunguka kwa kucha, usimpe mtoto mdogo.

Usimvalishe mtu kifaa kikiwa kinachajiwa.

Kikipata joto la kukufanya uondoe mkono, kizime na ukivue. Mwanga mzuri haufai kuunguza ngozi.

Betri iliyovimba usiichaji, usiitoboe, na usiitupe kwenye moto. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto na uulize duka la vifaa vya elektroniki linalopokea taka za betri.

Ni mbovu kweli: dai hivi

Umejaribu yote na bado imekufa. Sasa una haki ya kudai, na una nguvu zaidi kuliko ulivyokuwa saa moja iliyopita, kwa sababu unaweza kueleza ulichojaribu. Mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo, ujumbe mmoja ulio kamili:

"Habari. Riakta niliyonunua kwako tarehe 12 kwa shilingi 3,200 imefika leo saa kumi jioni lakini haikai ikiwaka. Nimejaribu kebo mbili, chaja ya ukutani na laptop. Video ya kufungua pakiti na ya majaribio nimeambatisha, pamoja na ujumbe wa malipo. Naomba unibadilishie au unirudishie pesa kama tulivyokubaliana. Nitashukuru ukinijibu kufikia kesho saa sita mchana."

Hakuna matusi humo. Kuna tarehe, kiasi, ushahidi, ombi na muda. Muuzaji mwaminifu atajibu, kwa sababu hana pa kubishia. Akikataa au akikuzuia kwenye simu yake, hatua inayofuata inategemea ulivyolipa. Kama ni kadi, wasilisha pingamizi la malipo. Kama ni Till au Paybill, tupigie utupe nambari ya muamala tufuatilie na mfanyabiashara. Kama ulituma kwa nambari ya mtu na unaamini alikusudia kukuibia, turipotie bila kuchelewa, halafu nenda kituo cha polisi uandikishe na upewe nambari ya OB. Uchunguzi unaanzia hapo. Hatukuahidi kwamba pesa zitapatikana. Tunachojua ni kwamba aliyeripoti ndani ya saa moja ana nafasi nzuri kuliko aliyengoja wiki.

Jihadhari na "msaidizi" anayekupigia

Hapa tunaomba usome polepole. Mtu aliyepoteza pesa ni windo rahisi la mtapeli wa pili. Ukilalamika hadharani kwenye mitandao ya kijamii, kuna watu wanaosubiri malalamiko kama hayo. Watakujibu kwa ukurasa wenye nembo inayofanana na yetu. Watakupigia na kukuita kwa jina. Watasema, "Tumeona shida yako, tunataka kukurudishia 3,500 sasa hivi. Tuthibitishie PIN yako." Au watakutumia nambari ya siri kwa ujumbe na kukuomba uwasomee.

Kupokea pesa hakuhitaji PIN. Haijawahi kuhitaji. Mtu anayetaka PIN ili akurudishie pesa anataka kuchukua zilizobaki. Wafanyakazi wetu hawatakuuliza PIN kwa simu, kwa ujumbe wala ana kwa ana. Kata simu, kisha utupigie wewe mwenyewe kwa nambari rasmi ya huduma kwa wateja.

Wengine hutuma ujumbe bandia unaoonyesha kwamba umerudishiwa pesa "zaidi ya kiasi" na kukuomba urudishe ziada. Usiamini ujumbe. Angalia salio lako kwenye menyu.

Yule baba wa Ijumaa

Tulipomuuliza alivyolipa, ilikuwa ni kwa nambari ya mtu binafsi. Tulimweleza ukweli: hatuwezi kuurudisha muamala huo. Hakupenda, na alikata simu akaenda kulalamika mtandaoni. Dakika ishirini baadaye alitupigia tena, sauti imebadilika. Mtu aliyejiita mfanyakazi wetu alikuwa amempigia akitaka PIN ili amrudishie 3,500. Kwenye akaunti alikuwa na pesa za keki, za hema na za kodi ya mwezi. Alisema kilichomwokoa ni mke wake, aliyekuwa amesimama kando na kuuliza, "Kwani PIN ni ya nini kama ni wao wanatuma?"

Tukamwomba aichomeke ile taa kwenye chaja ya ukutani na aiache. Alikaa kwenye laini akihesabu. Dakika moja. Mbili. Tano. Haikuzima.

Jumamosi asubuhi alipita mjini akanunua kisanduku cha betri tatu, fundi akamuunganishia, na saa nane mchana mtoto alikuwa anakimbia uani kifua kinang'aa. Muuzaji hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeuza taa bila kueleza inavyotumika, na aliyemnunulia hakuuliza.

Mambo yangeweza kwenda vingine. Kama taa ingekuwa mbovu kweli na muuzaji akatoweka, baba yule angebaki na kitu kisichowaka na muamala usiorudi. Wakati mwingine, alituambia, atalipa akishaona ikiwaka dakika mbili. Nasi tunakuomba ufanye hivyo hivyo, iwe unanunua riakta ya Iron Man, kofia ya taa au viatu vya mtoto vinavyomweka akitembea.

Una swali kuhusu muamala? Fungua menyu ya huduma kwa wateja kwenye programu yetu, uwe na nambari ya muamala karibu. PIN baki nayo mwenyewe.